Bibi Hawa Hakukaa Jidda

Nilikwenda Makka kwa hasira. Wapo walioandika safari zao za huko wakaanza na shauku na machozi ya furaha, na sisemi walidanganya. Mimi nilikwenda kwa sababu ndugu yangu Bakari alinibembeleza mwezi mzima, na kwa sababu nilikuwa na neno langu na kilima kimoja kinachoitwa Jabali Rahma, kilichoko jangwani katika uwanda wa Arafa. Majirani wa hapa Mwabungo wanajua neno lenyewe. Asiyejua nitamweleza kwa ufupi, kwani nikilieleza kwa urefu huishia kutukana.

Mwanangu Hamisi alikuwa kinyozi Ukunda. Miaka minne iliyopita, baada ya swala ya alasiri, watu watatu waliingia dukani mwake wakamwambia wana maswali mawili matatu ya kumwuliza, wakamtia katika gari la kijivu. Mteja aliyekuwa kitini aliachwa amenyolewa nusu kichwa. Tangu siku hiyo kila mlango niliobisha nilijibiwa kwamba jina hilo halipo. Hakuna aliyemwona akiwa hai, wala aliyeniletea maiti nikaizika. Alikuwa ameoa miezi saba tu. Mkewe, Saumu, binti wa Msambweni, alibaki kwangu. Alfajiri tulikanda mahamri pamoja, yeye akapika mbaazi za nazi, na kulipopambazuka tukauza barazani.

Huyu Saumu nilimweka kwa hadithi. Marehemu mama yangu alinisimulia, naye alisimuliwa na mahaji wa zamani waliokwenda kwa meli, kwamba Adamu na Hawa walipotolewa peponi waliangushwa mbalimbali: Adamu Bara Hindi, Hawa Jidda. Hawa akakaa juu ya jiwe pwani, hakutafuta wala hakulalamika, akangoja miaka mia mbili. Adamu akazunguka dunia, mpaka siku moja akapanda kile kilima cha jangwani akaliita jina la mkewe. Hawa akasikia, ndipo akainuka. Kwa hivyo, alisema mama, waliopoteana majina yao yakitajwa juu ya kilima kile, au yakiandikwa kwenye mawe yake, hawana budi kukutana. Kila nilipomwona Saumu amenyamaza sana, nilimkumbusha Bibi Hawa. Nilimwambia, "Miaka mia mbili, mwanangu. Wewe hata mitano hujafikisha."

Mwaka huu Saumu akapata mposaji, fundi wa mabomba wa huko kwao Msambweni, mtu wa adabu zake, nami nikamchukia kabla sijamwona. Wazazi wa Saumu wakaenda kwa kadhi wa Kwale kuomba ndoa ivunjwe. Kadhi akataka kwanza mtu wa damu ya mume aje aseme mbele yake kwamba Hamisi hajulikani alipo. Babake Hamisi alikufa zamani. Mtu wa damu nilikuwa mimi, nami nikakataa kwenda.

Bakari akaja kuniona. Ni mdogo wangu, ana duka la vifaa vya ujenzi Ukunda, na tangu utotoni husema jambo moja mara tatu.

"Dada, asiyekuwepo na lake halipo," akasema.

"Lake lipo. Liko kwangu, na nalilinda."

"Unamlinda mtoto wa watu kama mbuzi wa nadhiri."

Nilimnyima chai siku ile. Wiki iliyofuata akarudi na shauri lake: alikuwa ameweka nia ya kwenda umra, na angenichukua. "Nenda ukamwombee Hamisi juu ya hicho kilima chako. Ukirudi utatuambia moja: tungoje, au twende Kwale kwa kadhi, na hitima ya Hamisi tuisome kama ya wafu wengine, roho zitulie." Nikakubali. Nilikubali kwa sababu jibu nilikuwa nalo tayari. Nilikusudia kuandika majina mawili juu ya jiwe, Hamisi na Saumu, nirudi niseme tungoje, na nione nani atakuwa na la kuniambia tena.

Siku moja kabla ya safari nilizunguka mtaani kuomba radhi, kama ilivyo desturi kwetu kwa mtu anayekwenda nyumba tukufu. Unabisha hodi, unasema, "Kama nimekukosea kwa neno au kwa kitendo, nisamehe kwa ajili ya Mungu," nawe unasamehewa, hata na yule ambaye kuku wake ulimvunja mguu kwa jiwe. Nilianzia kwa imamu nikaishia kwa Mama Njeri, mwenye duka la nafaka. Mama Njeri ni mtu wa bara, Mkristo. Walipewa shamba huku kwetu miaka mingi iliyopita na bado wanasubiri hati. Nilikuwa nimekwenda pia kumwazima ile kalamu yake nene anayoandikia magunia.

"Chukua, hata usirudishe," akasema. "Na mimi unitajie huko, Mama Hamisi. Si Mungu ni mmoja? Andika tu namba ya shamba yetu, yeye anajua maneno yake."

Akaniandikia namba kwenye kipande cha karatasi. Niliomba radhi nyumba kumi na saba. Saumu sikumwomba. Nilijiambia kwamba mtu wa ndani haombwi radhi, na hilo si kweli. Wa ndani ndiye huombwa kwanza. Yeye alilijua hilo. Jioni ile alikaa kizingitini akipepeta mchele uliokwisha kupepetwa, akinipa nafasi, nami nikapita nikaenda kufunga sanduku.

Jumatano, saa mbili asubuhi, Bakari akaja na gari lake la mizigo. Saumu alinibebea sanduku hadi barabarani. Alisema, "Shikamoo mama, safari njema." Nilijibu marahaba, basi. Tulifuata barabara mpya ya Dongo Kundu, tukakwepa kivuko cha Likoni, na Bakari hakuacha kuisifu lami ile mpaka tukaona uwanja wa ndege. Njia yote mimi nilishika mkoba wangu, na ndani ya mkoba kalamu ya magunia.

Alasiri tulikuwa Nairobi, na usiku tukaruka. Tulikuwa kundi la watu thelathini hivi kutoka kusini mwa pwani, tukiongozwa na ustadhi mmoja kijana wa Matuga, mpole, mwenye sauti ya kuchoka. Ndege ilipokaribia mahali pa kutia nia, wanaume wakajifunga shuka mbili nyeupe, na Bakari akatetemeka kwa baridi ya mashine zile kama kuku aliyenyeshewa. Nilitaka kucheka. Kisha wote wakaanza kuitikia labbaika, nikaona midomo yangu inaitikia na moyo umekunja mikono.

Jidda tulifika asubuhi. Nilitegemea jangwa, nikapokewa na joto la chumvi, lile lile la Mombasa kabla ya mvua. Basi letu lilipopita mjini, Ustadhi akatuonyesha kwa mbali upande yalipo makaburi ambako watu husema ndiko alikozikwa mama yetu Hawa. Aliongeza upesi kwamba hakuna dalili yake. Mimi nilikuwa nikitafuta jiwe. Miaka yote ile nilikuwa nikiliona jiwe la Bibi Hawa wazi kabisa, jeusi, limelowa upande mmoja, naye juu yake na kanga yake kichwani. Niliona kuta, matairi na mabango ya simu.

Adhuhuri tulikuwa Makka. Nyumba tuliyofikia ilikuwa na mpishi wa kwetu, Bi. Mwanakombo wa Majoreni, ambaye amekaa huko miaka kumi na tano. Alitupokea kwa wali wa nazi ya kopo, akaomba msamaha kwa ile nazi kabla hatujaionja. Aliposikia nimetoka Mwabungo alinikumbatia, akaniuliza habari za watu ambao nusu yao wamekwisha kufa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilimwambia kila msiba mmoja mmoja, naye akala kidogo sana.

Jioni ya siku ile tulifanya umra. Ya Al-Kaaba sitayasimulia, wengine wameyasimulia vizuri, na mimi nililia kama wao. Nitasimulia Safa na Marwa. Pale mtu hutembea mara saba kati ya vilima viwili kumkumbuka Bibi Hajra, alipokuwa akikimbia huku na huku kutafuta maji ya mwanawe. Siku hizi kuna sakafu ya marumaru na baridi ya mashine. Magoti yangu yaliniuma tangu safari ya tatu. Katika safari ya sita hasira ikanipanda hasa. Bibi Hajra alikimbia mara saba, maji yakatoka. Mimi nilikimbia Ukunda, Kwale, Mombasa, Nairobi, nikakaa kwenye mabenchi ya ofisi ambazo rangi za kuta zake nazikumbuka, na sikutolewa hata tone. Nilimwambia Mungu hivyo hivyo, kwa Kidigo, ili wenzangu wasielewe, nikasahau kwamba nusu ya kundi ni Wadigo. Bibi mmoja aliyekuwa nyuma yangu akanishika kiwiko, tukaimaliza ya saba pamoja. Hakuniambia nisubiri, na kwa hilo namshukuru. Subira huvuta heri, nimeambiwa miaka minne. Yangu ilivuta magoti tu.

Siku ya tatu ilikuwa ziara ya Arafa. Asubuhi Bi. Mwanakombo alinikuta jikoni kwake nikiijaribu kalamu juu ya kifuniko cha sanduku la nyanya.

"Na wewe waenda kuandika?" akauliza.

"Nakwenda kuandika."

"Mimi niliandika mwaka wangu wa kwanza. Langu na la mume wangu aliyebaki Majoreni, yakutane. Mwaka wa pili akaoa Vanga."

"Huenda hukuandika vizuri."

"Niliandika vizuri, mwenzangu. Hati yangu husomeka." Akageuka akakoroga chungu chake. "Huyo binti, mkaza mwanao, yeye mwenyewe yuataka kuandikwa?"

Nilimwambia Saumu ni mke wa mtu, hana la kutaka au kutotaka. Bi. Mwanakombo akasema, "Haya," na haya ile sikuipenda.

Saa tatu tukapanda basi. Nje ya Makka vilima ni vitupu, vyeusi, havina hata unyasi wa kumdanganyia mbuzi. Kisha uwanda wa Arafa ukafunguka, nami nikaona kitu ambacho hakuna aliyewahi kunisimulia: miarobaini, safu baada ya safu, imepandwa jangwani kuwapa mahujaji kivuli. Mwarobaini ule ule ambao uani kwangu tunachumia majani ya homa. Nilijisikia kulaumiwa na mtu wa nyumbani.

Hapo Ustadhi akasimama akashika kipaza sauti. Akatueleza kwamba kwenye uwanda ule Mtume, rehema na amani zimshukie, alitoa hotuba yake ya kuaga, na hilo limethibiti. Kisha akasema kuna hadithi nyingine za watu kuhusu kilima, akitaka kuzipita mbio. "Husemwa Adamu alishushwa Bara Hindi na Hawa Jidda. Wakatafutana. Huyu akitembea kutoka mashariki, yule kutoka magharibi, mpaka wakakutana hapa."

Nikainua mkono. "Hawa hakutembea, Ustadhi. Alikaa."

Watu wakageuka. Bakari alitazama dirishani.

"Alikaa wapi, mama?"

"Jidda, juu ya jiwe. Alikaa akangoja mpaka alipoitwa. Mama yangu alinisimulia."

"Mama, zote hizi hazina sanadi, yaani wapokezi wa kutegemewa, si ya kukaa wala ya kutembea," akasema kwa upole. "Lakini kila niliyemsikia akiisimulia husema walitembea wote wawili. Na tuseme alikaa Jidda. Hapa alifikaje?"

Hakuwa akinibisha, aliuliza tu. Kutoka Jidda tulikuwa tumekuja kwa basi, na nilikuwa nimelala nikaamka tukiwa bado njiani. Miaka hamsini niliibeba hadithi ile, nikamlisha nayo mtoto wa watu asubuhi na jioni, na sikuwahi kujiuliza swali la mtoto mdogo. Bakari akiwa tumboni, mama yangu aliachwa na babangu, akakaa akimngoja hadi akafa. Labda mahaji wale walimsimulia vizuri na ni yeye aliyemkalisha Hawa juu ya jiwe, apate mwenzake. Niliona aibu, na aibu ikarudi kuwa hasira.

Tulipewa dakika ishirini. Jabali Rahma ni kilima kidogo. Kilima cha Jombo cha kwetu kingeweza kukimeza na kubaki na nafasi. Ni rundo la mawe makubwa ya rangi ya mkate ulioungua, ngazi zimechongwa katikati, na juu kabisa nguzo nyeupe. Chini walikuwepo ngamia waliovishwa shela nyekundu na kijani, watu wakipanda wapigwe picha. Wauza tasbihi, wauza maji, na bango kubwa, nalo Ustadhi alitusomea Kiswahili chake, kwamba kukipanda kilima si ibada na kuandika hakufai. Chini ya bango mtu aliuza kalamu. Nikasema, ama kweli, kila mlima na biashara yake.

Nilipanda na Bakari akinifuata nyuma. Kadiri tulivyopanda, majina yalizidi. Yalikuwa kwenye kila jiwe ambalo mkono ulifika: kwa Kiarabu, kwa herufi za Kihindi, kwa herufi nisizozijua, na mengi kwa herufi zetu. Yalikuwa mawili mawili, mengine yamezungushiwa duara. Yalipandana, jipya juu ya kuukuu, hata hujui nani ameungana na nani. Nilikuwa nimewazia jiwe jeupe linaloningojea mimi. Nilizunguka upande wa nyuma, kwenye jua, nikapata pahali pa ukubwa wa sinia.

Namba ya shamba la Mama Njeri niliiandika kwanza, ili mkono uzoee. Kisha nikaandika HAMISI. Jiwe lilikuwa la moto, na kalamu ikikwaruza. Nikahamisha mkono kuandika jina la pili, na mkono ukasimama.

Nitasema ilivyokuwa, nisijitie uwalii. Sikuona nuru wala sikusikia sauti. Nilijiuliza tu: huyu Saumu ninayetaka kumwandika hapa, anatembea kwenda wapi? Miaka minne nimemkalisha. Kama Hamisi yu hai na anakuja, haji kwa sababu mtu amekaa barazani Mwabungo akiuza mahamri. Na kama haji, basi nimemwozesha jiwe. Anayemtafuta ni mimi. Aliyekimbia mara saba na mara sabini ni mimi. Nikaandika, kando ya HAMISI, neno MAMA, nikafunga kalamu.

Nilipogeuka nilimkuta mtu amesimama hatua tatu kutoka kwangu. Alikuwa mfanyakazi, Mbengali mwembamba, kikoti cha rangi ya chungwa, ndoo mkono mmoja na brashi ngumu mkono wa pili. Nyuma yake jiwe zima lilikuwa limelowa na safi, likinuka dawa kali kama ya kuondolea rangi ya mlango. Alikuwa amefika kwenye sinia langu akanikuta naandika, akaniacha nimalize.

"Khalas, haja?" akaniuliza taratibu. Umemaliza?

Nikapisha. Nilikuwa na haki gani ya kumzuia? Alichovya brashi, akaanza na shamba la Mama Njeri. Likaisha. Akaenda kwa Hamisi. Wino wa magunia ni mgumu, hata mvua ya masika haiuwezi, akalazimika kusugua kwa mikono miwili, herufi moja baada ya nyingine, jasho likimtoka. Alipofika kwenye MAMA alinitazama kidogo, kisha akasugua nayo.

Bakari alitaka kumsemesha, nikamshika kanzu. Nilikuwa nimezunguka miaka minne nikiuliza nani alimfuta mwanangu, na hakuna aliyesubutu kuniangalia usoni. Huyu aliniangalia. Kisha akabeba ndoo yake akaenda kwenye jiwe linalofuata, ambako kijana na mkewe walikuwa wakichora duara.

Nikaelekea kibla nikaomba kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayezungumza na jirani juu ya ua. Nilisema, "Wewe wajua alipo. Mimi sijui. Kama ni wako, mrehemu. Kama bado ni wangu, mlishe." Zaidi ya hayo sikuwa na ombi. Honi ya basi ikalia, nikashuka ngazi kwa kitako, moja moja, kwa ajili ya magoti.

Siku sita zilizobaki zilikuwa za swala na za kununua tende, sina la kuzisimulia. Bi. Mwanakombo aliniaga mlangoni na chupa ya zamzam iliyofungwa plastiki mara nne. Aliuliza kama niliandika. Nikamwambia niliandika na yakafutwa nikiona.

"Afadhali yako," akasema. "Mimi langu sikuona. Mwaka mzima nilidhani bado lipo."

Ijumaa, saa kumi alasiri, tulirudi Mwabungo. Watu walijaa barazani, kila mmoja akapewa tende mbili na funda la zamzam, na kila mmoja akaniambia uso wangu umepata nuru. Ulikuwa umeungua. Mama Njeri alikuja kuuliza juu ya shamba.

"Niliandika," nikamwambia. "Wakafuta."

Akafikiri. "Hata huko?" akasema, akachukua tende zake akaenda.

Walipoondoka wote nilimkuta Saumu jikoni anaambua mbaazi. Nilikaa kwenye kibao kilichoelekeana naye, jambo nililopaswa kufanya kabla ya kuondoka.

"Jina lako sikuliandika," nikasema.

Mikono yake ikasimama. "Kwa nini, mama?"

"Halikuwa la kuandikwa na mimi. Na Bibi Hawa hakukaa Jidda. Alitembea. Nilikudanganya bila kujua, lakini ilinifaa, kwa hivyo sikuuliza." Nikachukua ganda moja la mbaazi nikaliambua. "Jumatatu tunakwenda Kwale. Na kama nimekukosea kwa neno au kwa kitendo, nisamehe kwa ajili ya Mungu."

Nilingoja jibu la desturi. Nyumba kumi na saba zilinijibu kabla sijamaliza sentensi. Saumu aliendelea kuambua, maganda huku, mbaazi huku.

"Sijui kama radhi ninayo, mama," akasema mwishowe. "Nipe muda niitafute."

Iliniuma, na nilistahili.

Jumatatu asubuhi Bakari alitupeleka. Kutoka Kombani barabara hupanda, na upepo wa Kwale ukatuingia mle garini ukiwa na baridi ya milimani. Kadhi aliniuliza kama nina habari zozote za mwanangu. Nilisema sina. Akauliza kama kuna mtu mwingine wa ukoo aliye nazo. Nilisema hakuna. Kisha, kwa upole, akauliza kama mimi mwenyewe naamini yu hai.

"Shekhe, kwa hilo hukuniita," nikamjibu.

Akainamisha kichwa, akaandika niliyoyasema, nikatia sahihi. Mkono haukusimama.

Mambo ya sheria yalichukua muda wake, na Saumu akahesabu siku zake za eda palepale kwangu, kwa hiari yake. Asubuhi aliyoondoka kwenda kwao Msambweni alinikuta nimeinama kwenye sinia la unga. Alipiga magoti, akanibusu mkono wenye unga.

"Radhi nimekupa, mama. Lakini ile miaka siwezi kuisahau."

"Usiisahau," nikamwambia. Nilimsindikiza hadi barabarani, na safari hii sanduku nililibeba mimi.

Wanaorudi safari huulizwa wamejifunza nini. Nilijifunza kwamba hadithi takatifu mikononi mwa mtu mwenye kidonda yaweza kuwa kamba, na kwamba anayeifunga huiita subira. Niliujua uchungu wa mwana, na kwa huo nikamtia mwana wa mwenzangu uchungu. Kilima hakikunirudishia kitu. Kilinionyesha nilichokuwa nacho kisicho changu, nikakirudisha, na hapa nyumbani sasa kumebaki kutupu.

Wiki iliyopita Bakari alikuja, akapewa chai, akakohoa mara tatu. Nikajua.

"Dada, ya Kwale yamekwisha. Sasa ile hitima ya Hamisi tuipangie siku."

"Mke nilimwachilia kwa sababu alikuwa na pa kwenda," nikamwambia. "Mimi nina pa kwenda wapi?"

"Lakini tulipatana, dada. Ulisema ukirudi…"

"Hitima ya Hamisi mtaisoma siku mtakayosoma yangu. Mtutaje pamoja, yeye kwanza. Kabla ya siku hiyo, usiniletee msomaji hapa."

Bakari aliitazama chai yake mpaka ikapoa. Kisha akainywa yote, akaniuliza kama kesho nitahitaji mtu wa kunisaidia kubeba gunia la unga.